Mlango wa Nyumba ya Watu

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kuishi katika vyumba vya kupanga kwa miaka saba, huna haja ya kuelezwa maana ya neno "kwangu". Unalijua vizuri kuliko mwenye nyumba, kwa sababu umelikosa. Unalijua unapomkataza mtoto asigonge msumari ukutani, na unapooga kwa zamu, na mwenye nyumba anapokohoa uani asubuhi ya tarehe moja.

Mimi na mke wangu tulihamia Bariadi mwaka 2013, nilipopata kazi ya ufundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Mwaka uliotangulia Simiyu ilikuwa imefanywa mkoa, pamoja na Geita, Katavi na Njombe, na Bariadi ikawa makao makuu yake. Watumishi wa serikali walimiminika na masanduku yao, na wenye nyumba wakang'amua kuwa chumba kilichokuwa ghala ya mahindi kinaweza kulaza karani. Kodi ikapanda. Kisha ikaja miaka ya 2018, 2019 na 2020, ambapo sherehe za Nane Nane kitaifa zilifanyika Nyakabindi, hapo nje ya mji. Mji ulijaa wageni hata pa kuegesha baiskeli hapakuonekana. Mwenye nyumba wetu, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alituomba mwaka wa pili tumwachie chumba kimoja kwa majuma mawili ili alaze wageni wa maonyesho. Tukalala watu sita chumba kimoja. Usiku wa tatu mke wangu aliniambia gizani, "Baba watoto, hata kuku ana tundu lake."

Ndipo tulipoanza kutafuta nyumba.

Yafaa nikueleze, wewe usiyepafahamu, kwamba Bariadi ni mji wa soko. Pamba ndiyo iliyoukuza, na hata leo Simiyu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa zao hilo. Wazee wa hapa hupima umri wa mambo kwa pamba: hii ilikuwa kabla vyama vya ushirika havijavunjwa mwaka 1976, ile ilikuwa baada ya kurejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, na hii nyingine ilikuwa wanunuzi binafsi walipofunguliwa mlango mwaka 1994. Mbegu hutiwa ardhini mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, na kuanzia mwezi wa Mei malori yenye marobota na magunia huanza kupita, yakiacha nyuzi nyeupe kwenye matawi ya miti ya barabarani kana kwamba miti imeota mvi. Siku za mnada ng'ombe hupita mjini kabla jua halijapanda, na mwenye haraka zake hana budi kusimama.

Mji wa namna hii una misimu yake hata katika kuuza nyumba. Mwezi wa Julai, fedha ya pamba ikiwa mfukoni, hakuna anayeuza, na anayeuza hutaja bei ya majivuno. Subiri Januari na Februari. Chakula cha ghalani kimepungua, pamba ingali shambani, shule zimefunguliwa na karo zadaiwa. Hapo ndipo dalali atakapokuja kukugongea dirisha usiku. Nakwambia haya kwa kuwa nami nilidhani ni werevu kununua wakati huo. Sikujiuliza anayeuza Februari anauza kwa sababu gani.

Nyumba tuliyoonyeshwa, Februari ya mwaka 2020, ilikuwa karibu na soko, ya kizamani, yenye baraza ndefu mbele iliyojengwa kwa nia ya kuwa duka. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo zilizopigwa lipu ya saruji, mabati yameshika kutu kingoni, uani mna mwarobaini mkubwa wenye kivuli cha kutosha wageni ishirini. Mlango wa nyuma ulikuwa umeoza chini, mchwa wameula. Mwenyewe alikuwa mkulima na mfanya biashara ndogo, mtu wa makamo, mpole. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasuasua, na wakulima wengi wakasubiri malipo yao kwa miezi. Yeye alikuwa miongoni mwao, na alikuwa amekopa akitegemea fedha hiyo. Akataka milioni ishirini na mbili. Tulikuwa na milioni kumi na tisa. Katika hizo, kumi zilikuwa zangu, akiba ya mshahara. Tisa zilikuwa za mke wangu, ambaye tangu tuhamie hapa huamka saa kumi za usiku kufuata dagaa Lamadi, kwenye ghuba ya ziwa, na kuwauza sokoni kwa kopo, huku akiweka hisa zake katika kikundi cha kuweka na kukopa.

Ilinibidi nijifunze sheria kidogo ukubwani. Nilikuwa na ndugu aliyepata kusoma Uingereza, akaishi katika mji mdogo wa soko, Ludlow, ambako kuna nyumba za mbao zenye umri wa miaka mia nne na zaidi. Alinieleza kuwa huko mtu huweza kununua nyumba pamoja na ardhi yake, ikawa yake bila kikomo cha miaka, ingawa nyumba ikiwa ya kale na imeorodheshwa na serikali hawezi kuigeuza bila kibali. Kwetu mambo ni mengine. Umiliki wa ardhi usio na kikomo ulifutwa mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Kwa hiyo unaponunua nyumba mjini, unachonunua ni jengo na miaka iliyosalia katika hati, ambayo haizidi 99. Ndugu yangu akanisisitizia nifanye upekuzi katika daftari la msajili wa hati, nione jina la nani limeandikwa na kama kuna rehani. Niliufanya. Jina lilikuwa la yule bwana, rehani haikuwapo, kodi ya pango la ardhi ilikuwa na malimbikizo kidogo. Nilijiona mwanasheria kamili. Nikamlipa arbuni ya shilingi milioni mbili, tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari la shule, dalali akatia saini kama shahidi.

Juma lililofuata nilikwenda na seremala kupima ule mlango wa nyuma, ili tukimaliza malipo kazi ianze mara moja. Ilikuwa alasiri. Chini ya mwarobaini alikuwa ameketi mwanamke wa makamo akichambua choroko katika ungo, na wajukuu wawili wakicheza karibu naye. "Mwadila, baba," alinisalimu kwa Kisukuma, akainuka nusu, akaagiza mtoto alete kiti. Alipoona seremala anakunjua futi yake mlangoni, uso wake ulichanua.

"Hatimaye amewaleta," alisema. "Nimemwambia mume wangu habari ya mlango huu tangu mvua za mwaka juzi. Nyoka aliingia hapo. Fanyeni wa mninga, wanangu, mchwa wasiuweze."

Msomaji wangu, sina maneno ya kukueleza nilivyojisikia. Seremala alinitazama, nami nikatazama choroko. Mwanamke yule hakujua kwamba nyumba yake imeuzwa. Alituletea maji ya kunywa katika kikombe cha bati, nikayanywa. Vipimo vilichukuliwa kwa adabu zote, kana kwamba kweli tulikuwa mafundi walioletwa na mumewe, tukaaga tukaondoka. Mpaka leo sijui kwa nini sikusema neno. Labda niliogopa kuwa wa kwanza kumwambia.

Usiku huo nilimsimulia mke wangu. Nilikuwa na hasira za mtu mwenye haki. Nilimsema yule bwana kwa kila jina: mtu gani anauza paa lililo juu ya kichwa cha mkewe bila kumwambia? Na sheria nilikuwa nimeisoma sasa, tena ile ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59: mume au mke hawezi kuuza, kugawa, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Tena mnunuzi aliyeingia bila ridhaa hiyo hukuta haki ya yule mwenzi ya kuendelea kukaa humo ingalipo. Kwa maneno mengine, ningelipa milioni ishirini na mbili, na mwanamke yule angeendelea kuchambua choroko yake chini ya mwarobaini, na haki ikiwa upande wake.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akihesabu fedha za dagaa, akizipanga noti kwa noti. Kisha akanyosha mkono. "Hebu nione hiyo karatasi ya arbuni."

Nikampa. Akaisogeza kwenye taa.

"Naona jina la muuzaji. Naona lako. Naona la dalali, hata yeye yumo," alisema. "Langu liko wapi?"

Nilimjibu kwamba ni karatasi ya muda tu. Kwamba mume ndiye huandikwa, ndivyo ilivyo desturi. Kwamba nyumba ni ya watoto. Hakunipinga. Aliikunja karatasi, akanirudishia, akaendelea kuhesabu. Ningefurahi kama angenigombeza.

Sikulala. Milioni tisa kati ya kumi na tisa, msomaji, nami sikufikiri kuuliza. Sikukusudia kumdhulumu, haikunijia tu akilini, na nadhani yule bwana wa nyumba ya soko naye angesema vivyo hivyo. Baadaye nilijifunza kwamba sheria haikuwa imelala katika jambo hili. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 161, yachukulia kwamba ardhi iliyopatikana kwa ajili ya matumizi ya mume na mke ni ya wote wawili, isipokuwa hati itamke waziwazi kuwa ni ya mmoja. Na tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, sembuse dagaa wa Lamadi. Lakini kudhaniwa na sheria baada ya ugomvi si sawa na kuandikwa jina lako mchana kweupe na mumeo akiwa ameketi kando yako.

Tulikwenda pamoja kwa yule bwana siku ya Jumapili. Tuliketi barazani, wanaume wawili na wake zao, na mwenyekiti wa mtaa. Bwana yule alieleza deni lake kwa sauti ndogo. Mkewe hakulia wala hakupaza sauti; aliuliza deni ni kiasi gani, akauliza tena, kisha akasema ng'ombe wake wanne walioko kijijini, aliopewa na baba yake, wauzwe, lakini nyumba haiuzwi. Jambo likaisha hapo. Arbuni yetu haikuwapo tena. Ilikwisha kwenda kwa wadai. Ilirudi kidogo kidogo baada ya msimu wa pamba, na laki tano hazijarudi. Mke wangu husema tusizidai, nami husema tuzidai, na bado hatujakubaliana.

Mwaka 2021 tulinunua boma lisilo na paa, kwenye kiwanja kilichopimwa, upande wa Malambo, mbali na soko. Kabla ya kulipa chochote niliomba kukutana na mke wa muuzaji. Dalali alicheka, lakini alimleta, na mama huyo akatia saini yake kwa wino wa buluu, polepole, herufi moja moja. Katika fomu zetu yameandikwa majina mawili. Karani alipouliza la nani litangulie, nilisema la mke wangu, naye akasema la mume, tukawachelewesha watu waliokuwa nyuma yetu.

Nyumba haijamalizika. Vumbi la kiangazi huingia mpaka kwenye sukari, maji twayafuata kwa baiskeli siku ambazo bomba limekauka, na chumba cha watoto hakijapigwa lipu. Asubuhi mke wangu ana mwendo mrefu zaidi kufika sokoni kuliko zamani, na hulalamika juu yake kila siku. Mmoja wa wateja wake wa dagaa ni yule mama wa mwarobaini. Hununua makopo mawili, hupewa na nyongeza.

Juzi nilipita nyuma ya nyumba yao. Mlango ule umebadilishwa. Ni wa mninga.