Moshi, Vumbi na Chupa ya Maji

Tata, baba yetu, alikuwa na desturi moja. Kabla ya kunawa uso alitoka uani na kutazama upande wa kiwandani, kuona kama dohani inatoa moshi. Ikiwa inatoa, alirudi ndani kudai chai kwa sauti. Ikiwa kavu, alikunywa chai ile ile bila neno, nasi watoto tulijifunza kutoomba kitu siku hizo.

Kwa asiyeijua Lubumbashi: dohani hiyo ina urefu wa mita 153, na ubavuni mwake umelala mlima mweusi wa mabaki ya tanuri la shaba lililowashwa mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya mji wenyewe kuanzishwa. Wachoraji wetu wa mitaani wamevichora viwili hivyo mara zisizohesabika. Kwetu picha yake ilitundikwa sebuleni, karibu na ya Bikira Maria.

Moshi ule ulibeba salfa. Upande ulikoelekea upepo, mtaani Penga Penga, miti ilikufa na ardhi ikabaki uchi. Lakini moshi ulikuwa bukari, ugali wetu, mezani, ulikuwa karo na viatu vya Krismasi. Tanuri liliponyamaza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na shaba ya nchi iliyokuwa ikizidi tani 450,000 kwa mwaka ikaanguka chini ya 50,000 kufikia 1994, hewa ilisafika na masufuria yakasafika nayo. Sijawahi kumsikia mtu wa rika la tata akishukuru kwa hewa ile.

Nayasema haya kwa sababu watu wakisikia nina pumu na nimezaliwa Lubumbashi, huwahi kunyoosha kidole kwenye dohani. Utotoni, wakati inafuka, sikubanwa kifua hata siku moja. Pumu ilinijia mtu mzima, dohani ikiwa imelala kwa miaka kumi.

Ilikuwa Juni 2003. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita kama 1,200 na Juni usiku ni baridi ya kweli, ile ambayo ndugu zetu wa pwani hawaamini kuwa iko Kongo. Tulikuwa tumeingiza mbabula, jiko la makaa, chumbani, makala yamekolea, madirisha yamefungwa. Nilikuwa na miaka 29, mwalimu wa historia na jiografia mtaani Katuba, na usiku huo nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikasikia filimbi. Nikadhani ni paka, kisha nikatambua kwamba sauti inatoka ndani yangu mimi. Kuvuta hewa niliweza. Kuitoa ndiko kulikonishinda. Hilo ndilo jambo ambalo asiye na pumu halielewi: humwoni mgonjwa akikosa hewa, unamwona amejaa hewa asiyoweza kuitoa. Mdogo wangu aliniuliza jambo na sikuweza kumaliza sentensi ya maneno manne. Tata akaniweka nyuma ya baiskeli ya jirani na kuisukuma mpaka zahanati.

Nikadungwa sindano ya mshipani, polepole, na alfajiri nikarudi nyumbani kwa miguu kama mtu aliyeota ndoto mbaya. Waliniambia ni kifua kibichi. Mara ya pili waliniambia malaria. Mara ya tatu muuguzi mmoja mzee, bila hata kunigusa, alisema, "Asima hiyo." Nikamwambia asima ni ya watoto. Akaniangalia kama ninavyomwangalia mwanafunzi aliyeniambia Kipushi, hapa jirani, iko Ulaya.

Miaka kumi iliyofuata niliishi kwa mpango mmoja tu, nao haukuwa mpango: kungoja usiku mbaya, kukimbilia sindano, kusahau. Katikati nilimeza vidonge, aminofilini kwanza, kisha salbutamoli. Vilifungua kifua, lakini moyo ulipiga mbio na mikono ilitetemeka. Nikiandika ubaoni, mstari wa Mto Lualaba ulipinda kuliko Mungu alivyoupinda. Wanafunzi walicheka. Mimi nilicheka nao, kwani chaki yenyewe ndiyo ilikuwa inaniua na hakuna aliyejua.

Pompi ya kuvuta dawa nilikuwa naijua. Kila mtu alikuwa anaijua, kwa habari mbaya. Siku niliyotaja kuinunua, mdogo wangu alishika kichwa: "Yaya, ile kintu itakuzoeza! Batu benye kuitumia banakufa nayo mu mukono." Na kweli, sote tulimjua mtu aliyekufa ameishika. Ilinichukua muda kuona kosa la hesabu hiyo. Mgonjwa alikwisha kupelekwa kwenye maombi, kwa mganga wa majani na kwenye sindano. Pompi ilinunuliwa siku ya mwisho, ikakuta mapafu yamefungwa, ikalaumiwa kwa kifo ambacho ilichelewa kukizuia. Ni kama kumshitaki padri kwa kuwa kila anapopaka mafuta matakatifu mtu hufa.

Wakati huo huo mji ulikuwa unapata hewa ya tatu. Ya kwanza ilikuwa ya moshi, ya pili ya ukimya. Hii ilikuwa ya vumbi. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilifungua milango, kampuni zikaja, na malori yakaanza kupanga foleni kwenda mpakani Kasumbalesa. Hata mlima mweusi ulikuwa unamegwa na kuyeyushwa upya kwa ajili ya kobalti. Pikipiki zikajaa kwenye njia ambazo hazijawahi kuona lami. Udongo wetu ni mwekundu na mwepesi; Septemba unaufuta kwenye meza asubuhi, na mchana unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Na vumbi letu si udongo mtupu. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, wakishirikiana na wale wa Leuven kule Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu waishio karibu na migodi na matanuri ya Katanga: kobalti ilikuwa juu sana, hasa kwa watoto. Utafiti ule haukuwa wa pumu, wala sitaki kuulazimisha useme lisilokuwamo. Ila tangu niusome sijaweza tena kuliita vumbi la dirishani "uchafu" tu.

Pompi ya kwanza niliinunua 2011, kwa siri, dukani mbali na mtaa wetu. Sikuona tofauti kubwa. Nilibonyeza, nikahisi ubaridi kooni na uchungu ulimini, na kifua kikabaki vile vile. Nikahitimisha kwamba mdogo wangu alisema kweli, au kwamba nimeuziwa hewa.

Mwaka 2014 ndipo daktari mmoja kijana aliponiambia, "Madamu, nionyeshe namna unaivuta." Katika miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kuniomba hivyo. Nikamwonyesha. Hakucheka, lakini aliinamisha kichwa. Akasema dawa yote niliyoilipia ilikuwa inatibu ulimi wangu. Nilikuwa nabonyeza kwanza na kuvuta baadaye, kwa haraka, kama mtu anayenusa ugoro.

Akachukua chupa ya maji ya nusu lita iliyokuwa mezani pake, akanywa maji yaliyobaki, akatoboa kitako cha chupa kwa waya uliopashwa moto na kuupanua ule upenyo mpaka mdomo wa pompi ukaingia na kubana. Tikisa pompi. Toa pumzi. Weka shingo ya chupa mdomoni, bonyeza mara moja tu, kisha pumua taratibu mara tano au sita bila kuondoa midomo. Chupa inaishika ile dawa inayotoka kwa kasi na kukungoja wewe uivute kwa wakati wako. Nikamwuliza kama ni ubunifu wake wa umaskini. Akasema hapana; mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walipima chupa za namna hiyo kwa watoto waliobanwa, wakakuta zinafanya kazi sawa na vile vifaa vya kiwandani, na matokeo yakatoka katika jarida la *The Lancet*. Nilifurahi kuliko inavyostahili kusikia kwamba jambo hilo lilitoka huku kwetu kusini na si kwingine.

Siku hiyo pia niliambiwa habari ya pompi ya pili. Ile ya bluu, salbutamoli, hulegeza misuli ya njia za hewa kwa saa nne au sita basi. Uvimbe wa ndani unabaki pale pale. Inayoutibu uvimbe ni ile ya kila siku, beklometasoni, ambayo haionyeshi kazi yake leo wala kesho, inakuja kuonekana baada ya siku na wiki, na baada ya kuivuta lazima usukutue mdomo usije ukaota utando mweupe. Dawa isiyoonekana ikifanya kazi ni ngumu kuilipia kwa mshahara wa mwalimu. Nilipoanza kulala usiku kucha nikajiona nimepona, nikaiacha, nikalipa karo ya mtoto. Oktoba 2015 nililazwa siku sita. Sina wa kumlaumu, nilikuwa nimeambiwa.

Tangu hapo naisoma hali ya mji kama tata alivyoisoma dohani. Mvua zikikatika Aprili najua vumbi liko njiani. Juni na Julai ni baridi, na hatari iko ndani ya nyumba, kwenye mbabula. Agosti na Septemba ni moto wa porini, majivu yanaanguka juu ya nguo zilizoanikwa, na kandokando ya mji wanachoma matofali ya udongo wa vichuguu, tanuri linafuka siku nyingi mfululizo. Oktoba ni joto kavu, jakaranda zimechanua na watu wanapiga picha chini yake. Mimi napita upande wa pili. Mvua ya kwanza ikishuka mtaa mzima hutoka nje kunusa udongo. Mimi hufunga dirisha na kuingoja ya pili.

Ubao unafutwa kwa kitambaa chenye maji, na anayeufuta si mimi. Mbabula inawashwa nje, nami nasimama upande unakotoka upepo mpaka makala yawe mekundu. Na majirani nimewabembeleza kwa miaka waache kuwashia mifuko ya plastiki. Baadhi wamekubali. Jiko la umeme ninalo, limefunikwa kitambaa kizuri, linangoja umeme.

Lakini vita vyangu vikubwa vilikuwa vya ufagio. Kwetu mwanamke aliyelelewa vizuri hujulikana kwa uwanja wake: saa kumi na moja na nusu alfajiri mtaa mzima unafagia, na uwanja safi ni ule usio na unyasi hata mmoja, wenye michirizi ya ufagio kama nywele zilizochanwa. Saa hiyo hiyo kuna wingu jekundu juu ya nyumba zote, nasi tunaliita usafi. Nikaanza kunyunyiza maji kabla ya kufagia. Maji yenyewe ni ya kuchota, kwa hiyo nikaonekana mwenye majivuno. Kisha nikasikia kwamba watafiti wa kilimo wa chuo kikuu chetu wanaotesha nyasi kule Penga Penga kwenye udongo uliokufa, hasa *Microchloa kunthii*, jani dogo linalovumilia shaba, baada ya kuuchanganya udongo na chokaa na mboji, ili upepo usiupeperushe tena. Kama pale panaota, nikawaza, kwangu kutashindikanaje? Nikapanda nyasi za kawaida uwanja mzima. Mama alikuja kunitembelea, akasimama langoni, hakuingia. "Nyasi njo za nyoka," akasema. "Batasema nilizaa muvivu." Ilikuwa aibu yake kuliko ugonjwa wangu. Msimu wa pili alikuja na kiti, akakaa juu ya zile nyasi, akamenya viazi bila kusema kitu, na sikumkumbusha.

Mwaka 2019 wataalamu wa GINA, wale wanaotoa mwongozo wa pumu kwa dunia nzima, walisema mtu mzima asitibiwe tena kwa salbutamoli peke yake. Daima pawepo na dawa ya uvimbe, na ikiwezekana zote mbili ndani ya pompi moja, budesonidi na formoteroli. Nilisoma habari hiyo nikakumbuka miaka yangu kumi ya sindano. Pompi hiyo ya pamoja naipata miezi mingine na mingine siipati. Isipokuwepo narudi kwenye zile mbili za zamani. Sijalazwa tangu 2015.

Darasani kwangu mwaka huu wako wawili wenye pumu, mvulana na msichana. Chupa tatu ziko kwenye dirisha la nyuma, kila moja imeandikwa jina, ya tatu ni yangu. Jumamosi naziosha kwa maji ya sabuni na kuziacha zikauke zenyewe. Hazifutwi kwa kitambaa. Zikifutwa, dawa hunata kwenye plastiki na haifiki kifuani.