Viatu vyembamba kama soksi: mwalimu wa Kamina na miguu ya wanafunzi wake

KAMINA – Kifurushi kilifika kwa mkono wa msafiri aliyetoka Lubumbashi na gari moshi. Ndani mlikuwa na jozi ya viatu vyeusi, vyepesi kupita kiasi, na karatasi ya mdogo wake mwalimu anayeishi Liège, Ubelgiji. Aliandika kwamba huko Ulaya watu wanalipa zaidi ya euro 100 kwa viatu vya namna hii, ili watembee kama mtu asiyevaa kitu. Mwalimu, baba wa watoto watano anayefundisha sekondari moja ya mji, aliviangalia juu na chini. Kisigino hakuna. Soli ni milimita chache tu, unaweza kuikunja na kuitia mfukoni kama gazeti. Mbele ni kupana, kama mguu wa bata.

Mke wake alikuwa wa kwanza kusema: "Baba, walikutumia kiatu ao kifuniko ya kiatu?"

Wanaotengeneza viatu hivi wana fikra yao. Wanasema kiatu cha kawaida kinainua kisigino, kinabana vidole na kinabeba kazi ya mguu, mpaka misuli ya mguu inalala. Basi ukiondoa kisigino, ukapunguza soli na ukaacha vidole vitanuke, mguu utaamka. Mwalimu ni mtu wa kujaribu mambo. Alivaa Jumatatu, akatoka nyumbani kwa miguu mpaka shuleni, karibu nusu saa.

Siku ya kwanza alisikia kila kitu. Mchanga wa baridi asubuhi, mchanga wa moto saa sita, mbegu za maembe zilizotupwa njiani, kifuniko cha chupa. Kwenye barabara ya udongo alijisikia vizuri kuliko alivyotazamia. Alipovuka reli, kokoto zilimfanya aruke kama mbuzi, na vijana waliokaa pembeni wakamshangilia. Kamina ni mji wa reli. Njia ya kwenda Ilebo ilimalizika mwaka 1928, ile ya Kabalo ikafunguliwa 1956, na mpaka leo wakaaji wengi wanafuata mataruma kwa miguu kuliko wanaopanda behewa. Mtu anayetaka kujua kama kiatu ni kizuri, amtume atembee juu ya reli.

Siku ya tatu misuli ya nyuma ya mguu, ile ya chini ya goti, ilimuuma hata kushuka ngazi za shule ikawa kazi. Alikuwa ameanza kwa pupa. Muuguzi wa mtaani alimwambia neno ambalo madaktari wa Ulaya pia wanalisema: anza na dakika kumi ao kumi na tano kwa siku, ongeza polepole, majuma mengi yapite, na maumivu yakiwa ya mfupa, siyo ya misuli, acha. Shauri hilo lina sababu. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walifuata wakimbiaji 36 kwa majuma kumi. Kati ya 19 waliohamia viatu vyembamba, 10 walionekana na dalili za kuumia ndani ya mifupa ya mguu. Kati ya 17 waliobaki na viatu vyao vya kawaida, alikuwa mmoja tu.

Mtu aliyemcheka mwalimu zaidi ni mama mmoja anayeuza mihogo karibu na soko. Yeye na watoto wake walikimbia kijiji chao upande wa Malemba Nkulu wakati wa fujo, wakatembea siku nyingi. Aliangalia viatu vya mwalimu, akainua mguu wake. Alivaa kandambili za tairi: kipande cha pine ya gari iliyochakaa, na mikanda ya mpira wa ndani wa pine ileile.

"Yaya mwalimu," akasema, "mimi nilitembea na hii toka kwetu, sikujua kama ni bei ya ng'ombe."

Mama huyo hakukosea sana. Viatu vya pine vinajulikana sehemu nyingi. Wamasai wa Kenya na Tanzania wanavivaa, Waganda wanavijua, na huko Meksiko watu wa kabila la Rarámuri, wanaosifiwa kwa kukimbia mbio ndefu milimani, wanakata soli zao kutoka tairi. Kitabu kimoja cha Mmarekani Christopher McDougall, kilichotoka mwaka 2009, ndicho kilichowafanya Wazungu wengi wawatazame Warárámuri hao na kuvua viatu vyao vinene. Kabla yake kampuni moja ya Uswisi ilikuwa imekwisha kuuza viatu vilivyobeba jina la Wamasai, ila vyenyewe vilikuwa na soli nene ya duara. Mmasai akiviona angeshangaa.

Jina linalotajwa kila mara ni la Abebe Bikila, Mhabeshi aliyeshinda maratoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Wanaolitaja wanasahau kwamba miaka minne baadaye, kule Tokyo, alishinda tena, na safari hiyo alikuwa amevaa viatu.

Wataalamu nao wamekuja kwetu Afrika kutafuta jibu. Daniel Lieberman wa chuo kikuu cha Harvard aliandika mwaka 2010 kwamba wakimbiaji wa Kenya waliokua bila viatu wanatua mara nyingi na sehemu ya mbele ya mguu, siyo kisigino, na hivyo hawapigwi sana na ardhi. Miaka mitatu baadaye wengine walipima Wadaasanach wa kaskazini ya Kenya, watu wasiovaa viatu nao, wakakuta wengi wanatua na kisigino wanapokimbia polepole. Mwaka 2019 kundi la Lieberman liligundua tena kwamba ngozi ngumu ya nyayo inalinda mguu bila kuuondolea hisia. Wazee wetu walikuwa wanajua hilo, ila hawakuwa na mashini ya kulipima. Wauzaji wenyewe hawakuwa waangalifu kama wataalamu: Vibram, kampuni ya viatu vyenye vidole, ilishitakiwa Marekani kwa kusema viatu vyake vinazuia majeraha. Mwaka 2014 ilikubali kutenga dola milioni 3.75 za kurudishia wanunuzi, huku ikikana kosa.

Lakini mazungumzo ya Ulaya yana pengo moja. Wanazungumza juu ya misuli. Hapa kwetu jambo la kwanza ni wadudu na misumari. Funza, wengine wanasema matekenya, hakuwa mdudu wa Afrika. Alikuja na meli kutoka Brazili mpaka Ambriz, Angola, mwaka 1872, akafuata njia za misafara kuvuka Kongo, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amefika pwani ya bahari ya Hindi. Anaingia kwenye nyayo na pembeni ya kucha. Nyumba ikikosa sakafu ya simenti na watoto wakilala chini, anazidi. Kumtoa na pini moja inayozunguka kutoka mtoto hadi mtoto ni kupitisha magonjwa ya damu na pepopunda. Halafu kuna minyoo ya safura: vibuu vyake vinakaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na choo, vinapenya ngozi ya mguu, na minyoo inanyonya damu ndani ya matumbo mpaka mtoto anachoka bila sababu inayoonekana. Mahali familia nyingi zinatumia choo kimoja, mvua ikinyesha, mtu asimwambie mama kwamba kutembea miguu wazi ni afya. Na mgonjwa wa sukari, ambaye mguu wake hausikii jeraha, asijaribu hata hivi vyembamba bila kuuliza daktari.

Soli nyembamba ya mwalimu ilikuwa inamkinga na vibuu na funza sawasawa na soli nene. Ya mama wa mihogo inakinga chini, ila juu iko wazi. Tofauti hiyo ndiyo iliyofanya jambo lote lihamie shuleni.

Kanuni ya shule yake inasema mwanafunzi avae viatu vyeusi vya kufunga. Asubuhi moja ya juma la nne, mtoto wa kiume wa mwaka wa kwanza, kutoka familia iliyohama, alirudishwa mlangoni kwa sababu alivaa kandambili za pine. Mwalimu alipita mlango uleule dakika hiyohiyo, na kiatu cheusi ambacho soli yake haifiki nusu ya ile ya mtoto. Hakuna aliyemuuliza.

Katika mkutano wa walimu aliweka mguu juu ya kiti, akasema waangalie. Wengine walicheka. Mkubwa wa shule hakucheka. Alijibu kwamba kanuni ni ya wote, kwamba akifungua mlango kwa pine, kesho wataingia na babushi, na kwamba viatu vya kufunga vinalinda watoto na funza. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na mwalimu alikiri. Akauliza tu: mtoto anayerudishwa nyumbani, njiani anavaa nini? Ukimya ukawa mrefu kidogo. Mwisho walipatana kwamba kiatu chochote kinachofunika vidole na kisigino, hata kikitengenezwa na pine, kikipakwa rangi nyeusi, kitapita mpaka mwisho wa mwaka wa masomo.

Jumamosi mwalimu alikwenda kwa fundi viatu wa sokoni, na mtoto yule na mama yake. Aliacha kiatu chake cha Liège mezani kama mfano. Fundi alikikunja, akakinusa, akasema gundi ni nzuri lakini mvua mbili zitakimaliza. Kisha akaweka kipande cha katoni chini, akamwambia mtoto asimame juu yake na kutanua vidole, akapitisha kalamu ya mkaa kuuzunguka mguu. Alipomaliza aliongeza upana wa kidole kimoja mbele.

"Anakomea," akamwambia mama. "Wa kushoto sasa."