Sabufa ya Pauni 25

Wazazi wenzangu, na nyie wanafunzi wangu wa Jumamosi, leo sitaandika juu ya ngeli, mshukuruni Mungu. Wiki mbili zilizopita mzazi mmoja alinikamata mlangoni wakati wa kuchukua watoto, akaniuliza nilifanyaje mpaka mwanangu akavua hedifoni. Nilimjibu nusunusu kwa sababu nilikuwa nawahi zamu. Sasa nawajibu nyote, taratibu.

Mnanijua kama mwalimu, lakini kazi inayolipa kodi ya nyumba ni unesi, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Mwanangu ana miaka 13. Akirudi shule tunakuwa na saa tatu hivi kabla sijatoka tena. Saa hizo zote alikuwa kwenye kochi, gemu mbele yake, hedifoni kubwa kichwani. Namwita, kimya. Nikimgusa bega anashtuka, anasogeza sikio moja, anajibu neno moja la Kiingereza, anarudisha. Jumapili bibi yake akipiga simu kutoka Tanga, ilikuwa "shikamoo Bibi" halafu basi. Siku moja mama akaniuliza, "Huyo mtoto mmemkata ulimi huko?" Nilicheka. Nilipokata simu sikuendelea kucheka.

Tena kulikuwa na suala la masikio. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, walitoa mwongozo: mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizohizo. Ukiongeza desibeli 3 tu, muda ulio salama unapungua kwa nusu. Nilijaribu kuvaa hedifoni yake alivyoiacha. Niliivua haraka.

Nikamwambia, "Baba, sauti itoke kwenye TV kama watu wengine." Akanijibu kitu ambacho, lazima nikiri, kilikuwa na maana: kwenye gemu lake lazima asikie nyayo za anayemjia nyuma, na sauti ya TV yote inatoka mbele. Sikuwa na jibu. Nikaenda kuangalia bei za spika za kuzunguka chumba. Ni mia kadhaa za pauni. Nikarudi nyumbani.

Jibu nililiona kwenye duka la hisani, yale yanayouza vyombo vya umeme vilivyokaguliwa. Chini ya rafu palikuwa na seti ya spika za kompyuta: ndogo tano na sabufa moja. Hiyo ndiyo maana ya 5.1 mnayoiona kwenye maboksi: tano ni spika, na ile pointi moja ni sabufa. Bei pauni 25. Watu wanaziacha kwa sababu kompyuta za siku hizi ni za mapajani na nyingi hazina matundu ya kutosha. Ukiikuta ya namna hiyo, hakikisha vipande vyote vipo, hasa kile chenye kitufe cha kuwasha na kuongeza sauti. Seti nyingi hazilii bila hicho.

Tulipoifungua tukakuta plagi tatu ndogo: ya kijani, nyeusi na ya chungwa. Kijani ni spika za mbele. Nyeusi ni za nyuma. Chungwa ni ya kati pamoja na sabufa. Sasa geuza mashine ya gemu uitazame mgongo. Tundu la kijani hakuna, jeusi hakuna, la chungwa hakuna. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa.

Yetu ni PlayStation 4 ile nene ya kwanza, ya mwaka 2013. Ina tundu dogo la pembe nne ambalo waya wake haupitishi umeme bali mwanga mwekundu. Sauti inasafiri ndani ya ule mwanga. Nikanunua mtandaoni kigeuzi cha pauni 9, mwanga unaingia huku, sauti inatoka kule. Tukaunganisha. Spika mbili tu za mbele zikalia. Mwanangu akaenda kwenye mipangilio, akachagua Dolby 5.1, zote zikanyamaza kabisa. Nilizilaumu spika, nikalilaumu duka, nikamlaumu na mtoto. Kosa lilikuwa langu, sikujua ninachonunua. Waya wa mwanga hauna nafasi ya kubeba sauti sita zikiwa wazi. Unabeba mbili, au sita zikiwa zimefungwa kama furushi, na furushi hilo ndilo linaloitwa Dolby Digital au DTS. Kile kigeuzi cha bei rahisi hakijui kufungua furushi. Anayejua ni king'amuzi.

"King'amuzi si cha TV, Mama? Kama kwa Bibi?" Nikamwambia ndicho, neno linatokana na kung'amua, kuelewa kitu kilichofichika. Alilirudia neno mara tatu, ile ng' ikimshinda. Sijapata kufundisha msamiati kwa urahisi namna ile, wala sikuwa nimepanga.

Kwa hiyo, ukinunua, tafuta kilichoandikwa waziwazi kwamba kinafungua Dolby Digital na DTS, na chenye matundu matatu madogo ya kutolea sauti. Changu kilikuwa pauni 22, waya wa mwanga pauni 4. Na waya ukifika, vua vifuniko vya plastiki kwenye ncha zake. Vinang'aa, havionekani. Sisi tulihangaika robo saa nzima navyo, mimi ninayechoma sindano watu kila siku.

Kwenye mashine, nenda mipangilio, sehemu ya sauti na skrini. Chagua sauti itoke kwenye tundu la mwanga, weka alama kwenye Dolby Digital 5.1, halafu kwenye muundo wa sauti chagua Bitstream ya Dolby. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika.

Xbox One nazo zina tundu hilo. PlayStation 4 ile nyembamba ya 2016 haina, wala PlayStation 5, wala Xbox Series X na S. Hao wanaweza kupitia tundu la mwanga la TV, ila TV nyingine zinapitisha furushi zima na nyingine zinakupa sauti mbili tu, kwa hiyo soma kitabu cha TV yako kabla hujatoa hela. Nintendo Switch inatoa sauti zake sita kwa HDMI peke yake, bila kuzifunga, kwa hiyo njia hii haikufai. Mwenye Switch achukue waya wa kawaida kutoka tundu la hedifoni la TV, achomeke kwenye ya kijani, aridhike na za mbele na sabufa. Si haba.

Siku tuliyoweka spika mimi ndiye niliyeshika waya na yeye anaelekeza. "Hiyo nyuma, Mama. Nyuma kushoto. Hapana, kulia kwako!" Mbele, nyuma, kushoto, kulia, kati: ni yaleyale ya darasani ambayo aliyaandika muhula mzima bila kuyatamka. Waya tulizipitisha ukutani, si katikati ya zulia. Nimehudumia watu wengi mno waliojikwaa sebuleni kwao.

Sitawadanganya kwamba sasa anazungumza kama mtu wa Pangani. Bado ananijibu Kiingereza akichoka. Jirani wa chini aligonga mlango juma la kwanza, na haki yake, kwa hiyo sabufa tumeipandisha juu ya kipande cha godoro la sponji na saa mbili usiku inazimwa. Lakini nikiita kutoka jikoni ananisikia, na mimi nasikia anachocheza, namuuliza huyo anayekimbia ni nani. Jumapili iliyopita bibi yake alipiga simu gemu likiwa linaendelea. Alisikia milio ya risasi akapiga kelele, "Kuna nini huko!" Mtoto alitumia dakika 20 kumweleza, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kwamba hakuna vita.

Kile kigeuzi cha pauni 9 bado ninacho, na kwa spika mbili kinafanya kazi vizuri. Anayekihitaji aniulize Jumamosi, kitakuwa kwenye mkoba wangu pamoja na madaftari yenu.