Kukatwa Maini

Aghalabu Mswahili asemapo amekatwa maini, husema kwa sitiari. Kwa mnywaji ambaye pombe imelivimbisha ini na kuyageuza macho manjano, sitiari huwa dhahiri. Daktari humpa prednisoloni, miligramu 40 kila siku kwa siku 28, autulize uvimbe. Ole wake! Dawa hiyo huwalaza pia askari wa mwili, ambao ini bovu lilikwisha kuwadhoofisha. Bakteria na kuvu huingia bila hodi. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015, maambukizi mazito yaliwapata asilimia 13 ya waliomeza dawa, na asilimia 7 ya wasioimeza. Wala ilipofika siku ya 90 haikuwa imeokoa maisha zaidi. Ndipo siku ya 7 damu hupimwa upya. Bilirubini isiposhuka vya kutosha, dawa husitishwa, na jamaa waliokwisha kuanza kutumaini huitwa pembeni.