Saa Nane ya Songwe

Mwaka jana, TP ilipoisha, bibi alinituma Karonga nikamjulie hali shangazi, ambaye ameolewa huko tangu mimi sijazaliwa. Kutoka kwetu Tukuyu si safari ya kutisha. Unapanda Hiace asubuhi na sweta lako, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya chai, unateremka mpaka joto la Kyela linakuvua sweta lenyewe, na mbele kidogo ni Kasumulu. Unagongewa muhuri, unavuka daraja la Mto Songwe kwa miguu, uko Malawi. Sikuwahi kutoka nje ya nchi, kwa hiyo lile daraja nililivuka kwa madaha kama naenda London.

Ng'ambo nikapata teksi ya Karonga, Toyota ndogo yenye kioo kilichopasuka. Dereva, mzee wa makamo, akanisemesha Kiswahili cha mpakani: begi weka kwenye buti, tunaondoka saa nane.

Nikatazama simu. Saa mbili na nusu asubuhi. Sasa huyu mzee anataka nikae hapa mpaka mchana? Lakini gari nyingine sikuziona, basi begi nikaliacha, nikaenda zangu kutafuta chai na kushangaa soko.

Kwenye lile begi kulikuwa na kanga ya bibi, na kwenye pindo la kanga shilingi laki moja na nusu, pesa ya matibabu ya shangazi. Najua. Msinicheke bado.

Saa nne kasoro nikarudi kuchungulia. Gari hakuna.

Nikaanza na Kiswahili, madereva wakanitazama. Nikahamia Kiingereza, kile cha kuandika lesson plan, wakanitazama zaidi. Ndipo machozi yakatoka, na Kinyakyusa kikatoka nayo. Darasa la tatu nilivalishwa kibao shingoni kwa kukisema darasani, na tangu hapo nimekitumia kwa bibi tu, tena kwa sauti ya chini. Pale nilikimwaga chote. Wale wazee wakashtuka: "Kumbe ni mwana wetu!" Wao ni Wangonde, na lugha yao na yetu ni kama ya mtu na mdogo wake. Mto uliwekwa kuwa mpaka na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890. Bibi zetu hawakuulizwa.

Mmoja akapiga simu. Nikasikia dereva wangu akifoka upande wa pili: nilimsubiri huyo binti mpaka saa nane na robo, abiria wakataka kunipiga!

Saa nane na robo? Hapo ndipo akili ilinirudia. Wao wanahesabu saa kwa Kizungu, eight o'clock, naye akaitafsiri neno kwa neno. Tena saa za Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Saa nane yake ilikuwa saa tatu yangu. Na mimi, wiki tatu tu nyuma, nilikuwa nawafundisha kidato cha kwanza kutaja saa kwa Kiingereza, na niliwagombeza waliokosea.

Alirudi karibu adhuhuri. Begi lilikuwa kwenye kiti cha mbele, limefungwa mkanda kama abiria. Kanga ilikuwa na fundo lile lile la bibi. Nikasema ndaga fijo mpaka akaniambia inatosha.

Njiani aliuliza ukoo wangu. Nilipoanza tu "Mwaka..." akacheka, akasema yeye pia ni Mwaka fulani. Kisha ziwa likatokea kushoto, nikasema, "Nyasa leo imetulia." Akapunguza mwendo kabisa.

"Ndani ya gari hili linaitwa Ziwa Malawi. Ukishuka, liite unavyotaka."

"Sawa, baba."

"Unasomea nini?"

"Ualimu."

Alicheka mpaka nikamwomba aangalie barabara.

Aliniacha mlangoni kwa shangazi, akamsimulia yote kabla sijafungua mdomo, akaahidi kunipitia kesho kutwa saa mbili. Siku hiyo nilikaa kibarazani na begi langu mapajani tangu alfajiri, sitaki mtu aniulize saa mbili ya nani.