Gerezani: Tone la Oili Huanzia Wapi?

Mgeni anayeingia Kariakoo kwa mara ya kwanza huonyeshwa yale yanayojulikana na wengi: jengo la soko alilolisanifu Beda Amuli katika miaka ya 1970, ambalo liliungua Julai 2021, msongamano wa nguo katika Mtaa wa Kongo, na mabasi ya mwendokasi ambayo tangu mwaka 2016 yanapita Barabara ya Msimbazi. Ni wachache wanaomshika mkono na kumfikisha Gerezani, upande ambao biashara ya kanga na vyombo hukoma, ikaanza biashara ya vyuma. Huko ndiko tunakotaka kumpeleka msomaji wiki hii, kwa kuwa huko ipo elimu ambayo kila nyumba yenye gari kuukuu inaihitaji.

Jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya usafiri. Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi wao walipigishwa kambi hapa. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Wapagazi hao walibeba vichwani na mabegani vyakula na risasi za jeshi. Leo, jirani na ilipokuwa kambi yao, watu hutoka mbali kuja kutafuta viungo vya magari yanayowabeba wao na mizigo yao.

Gerezani humlaki mtu kwa harufu kabla ya sura. Ni harufu ya oili, ya chuma kilichokatwa na ya mpira uliopashwa moto. Milango ya magari imeegemezwa ukutani kama majamvi, taa na vioo vimening'inizwa, na injini zilizoshushwa zimepangwa juu ya mbao zikisubiri mnunuzi. Nyingi ya spea hizi ni za magari ya Kijapani, kwa sababu hayo ndiyo yaliyojaa katika barabara zetu. Muuzaji hahitaji kusoma namba iliyoandikwa kwenye kifaa. Hukigeuza mara moja mkononi, kisha akataja aina ya gari na injini yake.

Tulifika huko asubuhi ya Jumamosi, ndugu wawili wa tumbo moja, tukiwa na Corolla ya mwaka 1994 aliyotuachia marehemu baba. Gari hilo ndilo linalompeleka mama kliniki ya kisukari kila mwezi, na ndilo linalombeba mdogo wetu wa mwisho siku za kufungua shule. Kwa wiki kadhaa lilikuwa likiacha doa jeusi uani kila usiku. Gereji moja ya karibu na nyumbani ilituambia kwamba sili ya nyuma ya krenkishafti imekufa, kwa hiyo giaboksi ishushwe. Gharama waliyoitaja ililingana na ada ya muhula mzima. Mama alisikiliza, akasema kwamba ada isiguswe, yeye atapanda daladala. Sote tulijua hali ya miguu yake.

Gerezani tulielekezwa kwa fundi mmoja mwenye umri wa kuitwa babu. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akainama chini ya gari kwa muda mfupi. Kweli, tone lilikuwa likining'inia pale injini inapokutana na giaboksi, mahali hasa palipotajwa na gereji ile. Hakuanza kufungua kitu. "Oili haipandi mlima, wanangu," alisema. "Mnachokiona hapa ni mwisho wa safari yake. Tutafute ilikoanzia."

Injini ilipopoa, alifunika kwa nailoni sehemu za umeme, akaisugua kwa brashi na mafuta ya taa, akaifuta na kuikausha kwa upepo wa kompresa. Kisha akamtuma kijana wake duka la jirani kununua poda ya watoto. Tulishangaa, lakini hatukuuliza. Aliinyunyiza poda hiyo pande zote za injini mpaka ikawa nyeupe, akatuambia tuliendeshe gari kidogo na kurudi. Foleni ya Kariakoo haimwachi mtu aende mbali, nayo ilitosha kuipasha injini moto.

Tuliporudi alizima injini, akachukua tochi na kioo kidogo cha kujitazamia, akaanza kukagua kutoka juu kwenda chini. Kava ya valvu ilikuwa kavu, poda yake haijaguswa. Swichi ya presha ya oili na filta zilikuwa kavu vilevile. Katika injini hii distribyuta hukaa ubavuni mwa kichwa cha injini, juu ya giaboksi. Chini yake ulionekana mstari mmoja mwembamba uliolowa, umeipasua poda na kuteremka hadi kwenye maungio ambako gereji ile iliona tone. Alituita tuangalie kwa macho yetu wenyewe. Hakukuwa na haja ya maneno mengi.

Kosa lilikuwa katika mpira mmoja wa mviringo, mdogo kuliko bangili ya mtoto, unaozuia oili isitoke pale distribyuta inapoingia katika injini. Mpira huishi ukiwa laini. Miaka ya joto huukausha, ukapoteza uwezo wa kujaza nafasi yake. Kabla ya kufungua, fundi alichora alama ya rangi kutoka kwenye distribyuta hadi kwenye injini, ili irudishwe pale pale ilipokuwa. Alieleza kwamba ikirudishwa imepinda, majira ya cheche hupotea na gari hukosa nguvu au hukataa kuwaka. Mpira wa zamani ulipotoka, ulivunjika kwa kubinywa na kucha.

Mpira mpya ulipatikana hatua chache kutoka hapo, kwa bei isiyozidi sahani mbili za pilau. Hakuupokea kwa kuutazama tu. Aliuweka katika mfereji wake, akalinganisha unene na upana, akaurudisha wa kwanza na kuchukua wa pili. Aliupaka oili safi usije ukakatika unapoingia, akakaza boliti kwa zamu bila kutumia nguvu za ziada.

Hakuishia hapo. Alichomoa valvu ya kupumulia, kifaa kidogo kinachoruhusu mvuke wa ndani ya injini kutoka na kwenda kuchomwa pamoja na petroli. Valvu nzima ikitikiswa hulia. Hii ilikuwa bubu kwa uchafu. "Mtu akiziba pua, pumzi itatafuta mdomo," alisema. Mvuke ukikosa njia, hugeuka kuwa shinikizo linalosukuma oili kupitia kila sili iliyochoka. Anayebadilisha sili bila kuisafisha valvu hii hujikuta akirudi gereji baada ya muda mfupi. Aliiosha mpaka ikalia.

Adhana ya Adhuhuri ilitukuta tukimlipa. Kwa siku tatu mfululizo tulitandika boksi la karatasi chini ya gari, na kila asubuhi lilikuwa kavu. Ada ililipwa kwa wakati, na mama hakupanda daladala.

Hatusemi kwamba kila tone lina tiba nyepesi. Sili ya nyuma ya krenkishafti nayo huchoka, na ikichoka kweli, hakuna njia ya mkato: giaboksi itashushwa. Wala hatuithibitishii gereji ile nia mbaya. Tone lilikuwa pale waliposema. Kasoro ni kutoa hukumu kwa kutazama mahali oili inapodondokea, bila kuuliza ilikotoka. Gari likienda, upepo huipeleka oili nyuma, na uzito wake huivuta chini, hivyo doa na chanzo chake aghalabu hukaa mbali.

Kwa hiyo, msomaji, lijue gari lako. Pima oili angalau mara moja kwa wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa. Itazame rangi ya doa: oili ya injini huwa kahawia au nyeusi, ya giaboksi ya otomatiki aghalabu huwa nyekundu, na maji meupe yanayodondoka siku za joto huenda yakawa ya kiyoyozi tu. Ukinusa oili inayoungua au ukaona moshi chini ya boneti, usipuuze, kwa maana oili ikidondokea bomba la moshi lenye moto huweza kuwaka. Taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, simama na uzime injini papo hapo. Na umkatalie fundi anayejaza silikoni kila mahali: inayozidi hukatikia ndani, ikaenda kuziba chujio la oili ndani ya sampo.

Mzee yule wa Gerezani angeweza kuishusha giaboksi, akabadilisha sili iliyo nzima, akaweka na mpira ule kimyakimya, nasi tungelipa na kumshukuru. Mwenye gari haoni kinachofanyika ndani, na ndiyo maana kazi ya ufundi ni amana kabla ya kuwa riziki. Nasi wenye magari tunao wajibu wetu: kuwepo, kutazama na kuuliza kwa adabu. Kabla hujakubali injini yako ifunguliwe, omba kwanza ioshwe.