Je, Kutembea kwa Miguu Kunapunguza Unene?



Swali hili nimeulizwa na kina mama wa mtaa wetu wa Tanganyika hapa Arua, nimeulizwa na wanafunzi wangu, na nimeulizwa hata na wazee tukitoka Ijumaa. Mimi ni mwalimu wa hesabu, si daktari, lakini swali lenyewe lina hesabu ndani yake, kwa hiyo nimeona nilijibu kwa utulivu, kila mtu asome na familia yake.

Jibu fupi ni hili: ndiyo, kunapunguza, lakini kidogo na polepole. Anayetembea kwa ajili ya kuona mizani inashuka tu, mara nyingi huchoka mwezi wa tatu na kuacha. Akiacha, anapoteza faida ambayo mizani haiwezi kuipima. Dada yangu mkubwa wa Koboko alikaribia kufanya hivyo, na yeye ameniruhusu nieleze habari yake bila kutaja jina.

Dada na mizani

Dada ana duka la vitenge Koboko mjini. Nyumbani kwake hadi dukani ni kama kilomita mbili na nusu, na kwa miaka mingi alikwenda kwa bodaboda asubuhi, akarudi kwa bodaboda jioni. Mchana kutwa amekaa kwenye kiti, chai inakuja, mandazi yanakuja. Alipofika kilo 92 akaanza kusikia kiu isiyoisha na miguu kuwaka moto usiku. Alipopimwa akaambiwa ana kisukari, na presha nayo iko juu. Daktari akampa vidonge na akamwambia mambo mawili: punguza mwili, na tembea.

Dada akatii la pili. Bodaboda akaiacha, akawa anatembea kwenda na kurudi, kilomita tano kwa siku, siku sita kwa wiki. Baada ya miezi mitatu akapanda mizani: kilo 90. Siku hiyo alinipigia simu akiwa na hasira. "Mwalimu, viatu vimekwisha soli, jua limenichoma, halafu kilo mbili tu? Heri nirudi kwenye boda yangu."

Nikamwambia, dada, ngoja kwanza tupige hesabu.

Hesabu yenyewe

Chakula tunachokula kina nishati, nayo hupimwa kwa kalori. Mtu wa kilo 80 akitembea kwa saa moja, mwendo wa kilomita tano hivi, hutumia kama kalori 280. Lakini hata angekaa kitako saa hiyo nzima, mwili wake ungetumia kama 80 kwa kupumua, moyo kupiga na mengineyo. Kwa hiyo faida halisi ya ile saa ni kama kalori 200.

Sasa tuangalie upande wa pili. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, gramu nne, kina kalori 16. Sisi wa West Nile tunajuana kwenye chai. Kikombe kikubwa chenye vijiko vinne kina kalori 64 za sukari peke yake, na vikombe vitatu ni 192. Yaani saa nzima ya kutembea imerudishwa na vikombe vitatu vya chai, bado hatujahesabu maziwa. Soda ya mililita 300 ina gramu kama 32 za sukari, sawa na vijiko vinane. Chapati moja kubwa yenye mafuta inafika kalori 250 na zaidi, na ukiikunjia mayai kama vijana wanavyopenda, inapita huko.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Ukipunguza 200 kila siku na usiongeze chakula hata kidogo, itakuchukua siku 38 au zaidi kuondoa kilo moja. Dada yangu kwa miezi mitatu alitakiwa kupungua kilo mbili na kitu, na ndicho alichokipata. Mizani haikumdanganya, na miguu yake ilifanya kazi yote iliyoweza.

Wahadza wa Tanzania

Kuna utafiti mmoja uliofanyika kwa jirani zetu Tanzania ambao kila anayetaka kupungua angeujua. Wahadza wanaishi karibu na Ziwa Eyasi, na baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2012 Mmarekani Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nishati wanayoitumia watu wazima 30 wa kabila hilo katika maisha yao ya kila siku. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu kilomita 6.

Watafiti walitegemea kukuta watu hawa wanachoma nishati nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini na kwenye magari. Haikuwa hivyo. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati yote ya siku ilikuwa karibu sawa. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine, kama mama wa nyumba anavyobana matumizi mwisho wa mwezi. Wataalamu bado wanajadiliana mwili hubana kiasi gani, lakini fundisho moja limesimama. Wahadza hawana vitambi, na sababu kubwa iko kwenye chakula chao: mizizi, nyama, ubuyu, matunda ya porini na asali. Mafuta ya jerikeni na sukari ya kilo havimo katika chakula hicho cha porini.

Na sisi Uganda je?

Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kuhusu nchi 168. Katika nchi zote hizo Uganda ndiyo iliyokuwa na watu wachache zaidi wasioshughulisha miili yao ipasavyo, asilimia 5.5 tu. Kuwait ilikuwa na asilimia 67. Tukafurahi sana, magazeti yakaandika.

Lakini uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa karibu mwanamke mmoja kati ya wanne, wa umri wa miaka 15 hadi 49, alikuwa na uzito uliozidi au unene. Inakuwaje nchi ya watu wanaotembea ikawa na unene? Sababu moja ni ile hesabu ya chai na chapati. Nyingine ni kwamba wastani unaficha. Mama anayelima kule Maracha na kubeba maji kichwani yumo ndani ya asilimia nzuri, na mama wa dukani anayechukua bodaboda hadi mlangoni amejificha nyuma yake. Tangu barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ilipowekwa lami miaka ya 2010, kwenda mahali kumekuwa rahisi, alhamdulillah, lakini miguu nayo imepumzika.

Kwa nini basi tutembee?

Hapa ndipo nilipombembeleza dada asiache. Misuli ya miguu ndiyo mikubwa mwilini, na inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Hata matembezi ya dakika kumi baada ya kula husaidia sukari isipande sana. Kutembea mara kwa mara pia huteremsha presha na kuupa moyo nguvu, hata kama uzito haujabadilika. Na mtu aliyekwisha kupungua, kutembea ni mlinzi wake, kilo zilizoondoka zisirudi.

Mwaka 2002 Marekani yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 3,200 waliokuwa ukingoni mwa kupata kisukari. Kundi moja lilifundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na wengi walichagua kutembea. Lengo lao lilikuwa kupunguza asilimia saba tu ya uzito. Kundi hilo lilipunguza kuingia katika kisukari kwa asilimia 58, ikilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa vidonge vya metformin walipunguza kwa asilimia 31. Angalieni vizuri: walitembea na walirekebisha sahani, vyote viwili pamoja.

Vijana wenye simu huniuliza kuhusu hatua 10,000. Idadi hiyo ilianzia Japani mwaka 1965 kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa madukani. Utafiti wa mwaka 2019 kwa wanawake wazee wa Marekani ulionyesha kuwa waliopiga hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliopiga 2,700, na faida iliendelea hadi kama 7,500, kisha haikuongezeka. Kwa hiyo mwenye hatua chache asivunjike moyo. Haba na haba hujaza kibaba.

Maneno ya watu

Ndugu zangu, kikwazo kikubwa kwetu si jua wala vumbi. Ni maneno. Dada alipoanza kutembea, majirani walimuuliza, "Hajjati, biashara imeanguka? Hata nauli ya boda huna?" Alipoanza kupungua kidogo wakabadilisha swali, wakamuuliza wengine kwa sauti ya chini kama anaumwa.

Tusiwalaumu sana. Uganda miaka ya 1980 ugonjwa wa UKIMWI uliitwa "slim", na kizazi kile kilizika wapenzi wake waliokonda. Kukonda kuna kumbukumbu mbaya kwetu. Kutembea pia. Serikali ya Amin ilipoanguka mwaka 1979 na vita vikafuata, watu wengi wa Koboko na Arua walikimbilia Zaire na Sudan kwa miguu, watoto mgongoni. Mwaka 2016 tuliwaona ndugu wa Sudan Kusini nao wakiingia kwetu kwa miguu. Bibi aliyetembea namna ile hawezi kuona mara moja kwamba kutembea ni starehe.

Lakini kisukari hakingoji kumbukumbu zetu zipoe. Kinaharibu macho, figo na miguu ya mama zetu wakiwa wamekaa vizuri kwenye viti. Ndiyo maana nasema mtu asitembee peke yake. Dada alimpata jirani mmoja, kisha wawili, na kina mama watatu wakitembea pamoja na mabuibui yao asubuhi, nani atawauliza nauli?

Tulichofanya

Hatukumuondolea chakula chake. Posho inabaki, maharage yanabaki, mboga zimeongezwa zikajaza nusu ya sahani. Sukari ya chai ilishuka kutoka vijiko vinne hadi viwili, kisha kimoja, na sasa hakuna. Mandazi ya dukani yakawa ya siku moja kwa wiki. Soda ikabaki ya arusi. Kutembea kukaendelea vilevile.

Baada ya mwaka mmoja dada ana kilo 84. Vidonge bado anameza, na daktari hajamwambia aache, lakini sukari yake imeshuka na miguu haiwaki kama zamani. Alichonifurahisha zaidi ni kwamba sasa anataja namba ya sukari kabla ya kutaja kilo.

Kwa anayetaka kuanza

Anza na dakika kumi, uongeze kila wiki. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafikie dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza lakini usiweze kuimba.

Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunika vidole, akague nyayo kila jioni, maana kidonda kidogo kinaweza kuleta balaa. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoteremsha sukari sana amuulize daktari kwanza, na atembee na peremende mfukoni. Akisikia kutetemeka na jasho la ghafla, ale.

Kwenye barabara kuu ya Koboko malori hayana huruma. Tembea upande ambao magari yanakuja yakikutazama, na usitoke gizani.

Msikiti ulio karibu tuuendee kwa miguu. Na mwezi wa Ramadhani, ambapo wengi wetu tunafunga mchana na kunenepa usiku, tupunguze kaanga za futari, na tutembee kwenda na kurudi Tarawehe.

Wanafunzi, mkienda nyumbani likizo, chukueni mama zenu mtembee nao jioni. Mtazungumza mambo ambayo ndani ya nyumba yenye televisheni hayazungumzwi.

Mwenyezi Mungu atupe afya, awaponye wagonjwa wetu, na atupe subira katika jambo dogo linalorudiwa kila siku. Amin.

Wassalaam alaykum.